Baridi Iliyosahau Kofia

Berea, Johannesburg
Jumapili, 24 Juni 2018

Kwa Shemeji Clémentine,

Amani ya Bwana iwe nawe na wote waliomo nyumbani. Natumaini goti lako limepata nafuu na kwamba watoto wanaendelea na masomo. Mimi ni mzima, isipokuwa meno, ambayo kwa umri wangu hayastahili kulalamikiwa.

Awali ya yote naomba radhi kwa kukaa kimya tangu Pasaka. Sina udhuru. Barua hii niliianza mara tatu na kuichana mara tatu, kwa sababu kila nilipofika kwenye jina la marehemu mwandiko uliharibika, nami nilifundishwa kwamba barua yenye mwandiko mbaya ni dharau kwa anayeipokea. Pitchou, mlinzi wa jengo letu, mtu wa Uvira, ataipiga picha na kuituma kwenye simu ya jirani yako Carmel. Naomba radhi kwa Carmel pia.

Nakuandikia kwa ombi moja. Dada yako Victorine alituacha Novemba iliyopita, nami nikamzika huku ugenini bila kungoja neno la ukoo wenu. Kosa hilo ni langu peke yangu. Hadi leo nimevaa uzi mweusi mkononi na nalala mkekani, na najua kwamba kwenu mgane hakanyagi uwanja wa wakwe kabla ndugu wa marehemu hawajamfungua. Nina miaka sabini na minne. Sitafuti mke. Natafuta ruhusa ya kurudi Moba, kuingia katika uwanja wa mama yenu, na kumalizia siku zangu katika nyumba ile niliyoijenga humo pamoja na Victorine. Kama ukoo utakubali kumtuma mtu anifungue, nitamshukuru kwa unyenyekevu.

Utakumbuka vijiti vya mihogo ya mama ulivyotuletea kwa mkono wa mfanyabiashara, vimefungwa kwa kitambaa kibichi. Victorine alivipanda mwenyewe juu ya paa la jengo hili, katika mapipa mawili yaliyokatwa nusu. Vingali hai. Mwaka jana wakati wa kipupwe alivifunika kila jioni kwa mablanketi mawili na kuvifunua kila asubuhi, kwa maana jalidi ya huku, ule weupe unaolala juu ya majani, huua mhogo kwa usiku mmoja. Mwaka huu kazi hiyo naifanya mimi. Sijachuma hata jani moja, maana sina haki.

Lakini lazima niseme kwamba kipupwe hiki ni cha ajabu. Tuko mwisho wa Juni na sijaona jalidi hata asubuhi moja. Nzi hawajafa. Maji ya ndoo hayajaganda. Watu wanapita barabarani wakiwa wamebeba makoti mkononi kama mizigo ya mtu mwingine.

Nisamehe kwa kukuchosha.

Shemeji yako mnyenyekevu,
André


Moba, 12 Julai 2018

Shemeji,

Salamu. Goti linaniuma nikipanda mlima wa misheni, nikishuka hapana. Watoto wazima. Carmel alinisomea barua yako uwanjani, watu watatu wakasikia, kesho yake mtaa mzima ukajua kwamba Johannesburg nzi hawajafa. Asante kwa habari ya nzi. Mimi nilitaka habari ya yaya, dada yangu mkubwa.

Ngoja nikukumbushe. Mwezi ule wa kumi na moja simu ilikuja asubuhi: amekufa. Kesho yake jioni ikaja nyingine: amezikwa. Katikati ya simu hizo mbili hukumuuliza mtu. Mimi nilikuwa nimeshafagia uwanja wa kumpokea, nimeshaazima sufuria kubwa za parokia. Nikazirudisha bila kuzitia moto. Unajua aibu ya kurudisha sufuria safi?

Lakini wewe ulimtunza miaka arobaini na sita, na hakuna aliyesikia kwamba umempiga hata kofi. Kwa hiyo nimewauliza wazee. Wamesema nije mimi, maana ndiye niliyebaki wa tumbo moja na yeye. Nitakuja mwezi wa tisa.

Desturi unaijua, ila nakuandikia ili usiseme hukuambiwa: ndugu wa marehemu anakula chakula alichokipanda marehemu kwa mkono wake, na mgane ndiye anayekipakua. Bila hicho sikati uzi. Bugali utaupika popote, ndakala, dagaa wa ziwa letu, nitawabeba mimi, lakini sombe, majani ya mhogo, iwe ile ya mapipa. Na usinidanganye kwa sombe ya soko. Jani la mama nalijua, kikonyo chake chekundu mpaka kwenye kidole cha mwisho.

Ni mimi,
Clémentine, mdogo wa Victorine


Berea, Johannesburg
Jumatatu, 6 Agosti 2018

Kwa Shemeji Clémentine,

Nakusalimu kwa heshima, na nasali kwamba barua hii ikukute na afya njema. Habari ya sufuria sikuijua. Nimeisoma nimesimama, na nimekaa nayo siku nyingi. Naomba radhi.

Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika kwamba utakuja. Nakuletea habari njema: mihogo inachipua. Ninayo sababu ya kuamini kwamba baridi imekwisha, na naomba uniruhusu nieleze, maana jambo hili nililifundishwa.

Nilipokuwa mwanafunzi wa misheni, Bruda Odilo alinikabidhi kipimajoto na kipimamvua, na kwa miaka sita nilisoma vyote viwili kila asubuhi baada ya Misa na kuandika katika daftari. Kanuni yake ilikuwa hii: asubuhi kumi mfululizo bila umande juu ya bati, baridi imeondoka na bustani ifunuliwe. Pale Moba kanuni hiyo haikunidanganya hata mwaka mmoja. Basi hapa nimehesabu asubuhi kumi na nne. Kipimajoto changu hakijashuka chini ya digrii saba tangu Julai ishirini na tatu. Mpichi wa nyuma ya kanisa umetoa maua. Ndege mnana wameanza kusuka viota wiki tatu kabla ya wakati wao. Mjini Braamfontein nimewaona wanafunzi wamelala kwenye nyasi wakiwa mikono wazi.

Juzi nilipokuwa nashusha mablanketi, Gogo Thembi, bibi anayeuza mahindi ya kuchoma langoni kwetu, alinizuia.

“Baba, hayo unayapeleka wapi?”

“Nayafua, Gogo. Kipupwe kimekwisha.”

“Nani kakuambia? Huku kwetu baridi huondoka ikasahau kofia. Hurudi kuichukua. Ngoja ngurumo ya kwanza.”

Pitchou akacheka. “Gogo, huyu Papa ana kipimajoto. Wewe una nini?”

“Mimi nina miguu, mwanangu. Inauma.”

Nilimshukuru kwa adabu, lakini kwa kweli niliona ni maneno ya langoni. Mablanketi niliyafua na kumpa Jeannine, mama aliyefika juzi kutoka Fizi na mtoto mchanga, ambao walikuwa wanalala juu ya makatoni katika chumba cha ghorofa ya pili. Mimi kila asubuhi namwagilia mihogo na nimeitia samadi, ili utakapofika majani yawe mengi na laini. Nimeona vikonyo. Ni vyekundu.

Shemeji yako,
André


Moba, 19 Agosti 2018

Shemeji,

Barua imefika, sisi wazima. Naondoka hapa tarehe mbili Septemba, mashua mpaka Kalemie, kisha barabara mpaka Lubumbashi. Basi la Johannesburg litaniteremsha Park Station Jumamosi tarehe kumi na tano, asubuhi. Simu sibebi, wezi wa njiani nawajua. Neno lolote liache kwa Carmel, nitalikuta nikirudi.

Kuhusu hiyo kanuni ya Bruda wako: Bruda alikuwa wa Moba. Nimesema hivyo tu.

Juu ya kaburi kuna mti, au jua linampiga?

Clémentine, mdogo wa Victorine


Berea, Johannesburg
Jumamosi, 8 Septemba 2018

Kwa Shemeji Clémentine,

Nakusalimu nikijua kwamba barua hii haitakupata njiani. Naiandika hata hivyo, ili siku moja uwe na ukweli kwa maandishi, maana nikikuona ana kwa ana ninaweza kukosa maneno.

Mihogo imeungua. Jumanne upepo uligeuka kutoka kusini. Saa nane mchana kipimajoto kilikuwa digrii ishirini na mbili, saa kumi na moja kilikuwa tano, ikanyesha mvua ya mawe madogo kama mchele, kisha mbingu ikawa wazi kabisa. Uwazi huo ndio ulionitisha. Sikuwa na blanketi. Nilipanda na koti langu, shuka mbili na magazeti, nikafunga nilivyoweza. Nilifika mpaka mlangoni kwa Jeannine, nikainua mkono kubisha. Nikamsikia anamwimbia mtoto. Nikarudi bila kubisha. Jumatano asubuhi mabati yalikuwa meupe, na majani yote yalikuwa meusi na yamelegea, kama majani ya chai yaliyokwisha kutumika. Kesho yake likawaka jua kali, watu wakavaa mikono mifupi tena.

Gogo Thembi hakunicheka. Alisema tu, “Imechukua kofia yake, Baba,” akanipa hindi.

Pitchou alinishauri hivi: “Papa, soko la Yeoville limejaa sombe. Mama atafika amechoka na basi la siku tatu. Nani atakagua vikonyo? Sombe ikishatwangwa inakuwa moja.” Nakiri kwamba nilikwenda. Nilishika fungu mkononi, na vikonyo vyake, Mungu anisamehe, vilikuwa vyekundu. Nilisimama pale mpaka muuzaji akaniuliza kama naumwa. Nikaliweka chini. Nisingeweza kukupakulia uongo katika sahani ya Victorine.

Kwa kuwa nimeanza kukiri, nimalize. Uliandika kwamba katikati ya zile simu mbili sikumuuliza mtu. Hati za kumsafirisha zingechukua wiki tatu. Kwa wiki tatu angelala katika chumba cha barafu cha mochari. Nilikwenda kumwona pale. Nilimshika mkono. Wewe unamjua: alivaa soksi hata Januari, wakati wa joto la huku, na miaka kumi na moja katika mji huu hakuacha hata siku moja kuuliza jua limekwenda wapi. Sikuweza kumwacha katika baridi ile kwa siku ishirini na moja. Nilijua kwamba nikikuuliza utasema asubiri, na kwamba utakuwa na haki. Ndiyo maana sikuuliza. Nimekuwa nikificha kosa hili nyuma ya neno “nisamehe”, bila kusema ninachoombea msamaha.

Mti upo. Ni mwaloni mkubwa. Asubuhi anapata jua, mchana anapata kivuli.

Shemeji yako asiyestahili,
André


Berea, Johannesburg
Jumatatu, 24 Septemba 2018

Kwa Shemeji Clémentine,

Natumaini safari ya kurudi imekuwa ya amani na kwamba goti halikuvimba ndani ya basi. Mimi ni mzima.

Sikukusindikiza kwa maneno yoyote ya maana, na naomba radhi. Pale Park Station nilikuambia “imeungua” na sikuongeza neno, maana sababu zote zilionekana ni visingizio. Hukunifungua, na ilikuwa haki yako.

Jana nilipanda tena juu ya paa. Nimeona kwamba, wakati mimi nilikuwa chini natengeneza chai, uliyakata mashina yote mawili, karibu na udongo. Nimeelewa maana yake. Sitaukumbusha ukoo tena jambo hili. Mapipa nimeyaacha kama yalivyo.

Asante kwa ndakala.

André


Moba, 14 Oktoba 2018

Shemeji,

Salamu nyingi. Goti lilivimba, limepungua. Nimefika jana tu, maana Kalemie nilikaa wiki mbili nikingoja mashua. Watoto wazima, mvua imeanza.

Nimekuta barua mbili kwa Carmel. Ile ya tarehe ishirini na nne nimeisoma kwanza, nikasema: huyu mzee ana wazimu. Halafu nikasoma ile ya tarehe nane. Nikamwambia Carmel atoke nje. Nikaisoma tena.

Shemeji, kwa nini vitu hivi mdomo wako haukuvisema? Tulipanda pale juu pamoja. Nikaona vile vijiti vyeusi. Nikafukua kwa mkono, mizizi myembamba kama mkia wa panya, hakuna cha kula. Nikakuuliza: “Mablanketi ya yaya yako wapi?” Ukaniambia: “Niliyatoa.” Nikakuuliza: “Umempa nani?” Ukasema: “Mtu.” Mtu! Mimi nikafikiri umempa mwanamke. Kweli ulimpa mwanamke, lakini hukuniambia ana mtoto mchanga! Ukanipeleka kaburini, nikakuuliza kwa nini ulimzika mbio, ukaanza: “Naomba radhi, naomba radhi.” Radhi haina miguu wala kichwa, Shemeji. Mtu hawezi kuishika.

Sasa kuhusu hayo mashina. Ulipokwenda kutengeneza chai nilikwaruza gome kwa ukucha, chini, karibu na udongo. Ndani kijani. Juu kumekufa, chini kuna uhai. Nikavikata vijiti vinne, nikavifunga kwa kilemba changu kilichoroweshwa, nikavitia kwenye mkoba chini ya nguo. Mpakani askari akaniuliza ni nini, nikamwambia ni dawa ya goti. Sikukuambia kwa sababu nilikuwa na hasira, na tena sikutaka kukupa tumaini kabla ya kuwauliza wazee. Kumbe wewe umekaa huko unafikiri nimekata ukoo! Kisu chako chenyewe kilikuwa butu, ningekata vipi ukoo?

Kilemba nilikirowesha kila siku. Leo asubuhi nimevipanda, nyuma ya nyumba yako, pale mama alipokuwa anapanda. Vitatu naona vitashika. Cha nne sijui.

Nimefurahi kwamba asubuhi anapata jua.

Shemeji yako,
Clémentine


Moba, 9 Juni 2019

Shemeji,

Hujambo? Meno je? Sisi hatujambo. Cha nne kilikufa, vitatu vimenipita kichwa.

Wazee wamejibu. Walibishana majuma mawili, maana mmoja alisema nimepanda mimi, si Victorine. Mzee Jumbe, yule mjomba wa mama, akamkata: “Anayehamisha si aliyepanda. Mhogo ni wa mkono wa Victorine hata ukiupeleka Ulaya.” Ndipo wakakubali.

Jambo la pili: huwezi kuingia uwanjani kabla ya kufunguliwa, na sombe iko uwanjani. Nimelifikiria. Sufuria nitaitoa mimi nje ya ua, barabarani, tuweke mkeka hapo. Utanipakulia, nitakula, nitakata uzi, ndipo utaingia kwa mlango kama watu. Parokia wameniazima sufuria zao kubwa tena. Safari hii zitaingia moto.

Majani ni laini sasa. Njoo mwezi wa nane.

Shemeji yako,
Clémentine


Berea, Johannesburg
Jumapili, 4 Agosti 2019

Kwa Shemeji Clémentine,

Amani iwe kwako na kwa Mzee Jumbe, ambaye namtumia heshima za pekee. Mimi ni mzima, na meno yaliyobaki yanatosha kwa sombe.

Naondoka Alhamisi kwa basi la Lubumbashi. Nitakuwa Moba kabla ya mwisho wa mwezi, Mungu akipenda, na nitangoja nje ya ua mpaka utakapotoka.

Mwaka huu hali ya hewa ni ya kawaida. Jalidi ilianza Mei, na watu wameridhika. Kipimajoto nimemwachia Pitchou, ambaye ameahidi kukisoma na hatakisoma. Jeannine amenirudishia blanketi moja. La pili mtoto hataki kuliachia. Mapipa yamepandwa vitunguu. Jana nilikwenda kumuaga Victorine. Nilimweleza habari yote kwa utaratibu, tangu vijiti vya kwanza mpaka sufuria za parokia. Ilikuwa saa tatu asubuhi, na jua lilikuwa limeshamfikia.

Lipo jambo moja linalonitaabisha, na sikutaka kukuficha tena jambo. Nikija kuishi kwenu, yeye anabaki huku bila mtu. Nilimwambia hivyo Gogo Thembi nilipokuwa namuaga langoni. Alikuwa anageuza mahindi, hakuinua macho.

“Basi acha kofia, Baba.”

Nimeiacha. Ni ile ya kijivu, uliyosema inanizeesha. Gogo ameitundika kwenye msumari nyuma ya jiko lake, na amesema hatamruhusu mtu kuivaa mpaka nirudi kuichukua.

Naomba radhi kwamba nitafika kwenu kichwa wazi.

Shemeji yako,
André